Fundi wa Dandora Aliyeifundisha Saa Kupandisha Maji

Saa nane na dakika tisa mchana. Chumba cha pampu katika Zahanati ya Uzazi ya Mlango Wazi, kando ya mtaa wa Mukuru kwa Reuben jijini Nairobi, kimefungwa kwa kufuli na ndani hamna mtu. Phelister Nabalayo amesimama nje, mikono ameifumbata nyuma, anatazama ukuta kama mtu anayesubiri kuitwa ndani.

Tak! Kitu kinagonga upande wa pili wa ukuta. Pampu inakohoa mara moja, kisha inaanza kunguruma, na maji yanasikika yakipanda kwenye bomba kuelekea tangi lililo juu ya paa.

"Umesikia?" anauliza, uso umemchanuka. "Hakuna mkono uliogusa pale. Na ikifika saa kumi kasorobo itajizima yenyewe. Mimi nitakuwa Dandora nakunywa chai."

Kwa anayeishi mahali maji yasipokatika, huenda jambo hili lisimshangaze. Lakini katika mitaa hii ya Eastlands maji ya bomba huja kwa zamu, na zamu ya huku ni kuanzia saa nane hadi saa kumi mchana, watu wakiwa kazini. Asiyekuwepo kuwasha pampu hulala na mitungi mikavu. Naye anayeiwasha akasahau kuizima, maji yakikatika pampu huzunguka tupu hadi iungue.

Ndiyo sababu mama huyu mwenye umri wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Bungoma, leo anaitwa huku na kule. Ametengeneza saa inayowasha na kuzima pampu. Hadi mwezi huu wa Machi 1998 amekwisha kufunga sitini na tatu. Moja ni shilingi elfu moja na mia nne, ilhali ile inayotoka ng'ambo inauzwa madukani kwa elfu sita na mia tano.

Na ile ya ng'ambo, asikudanganye mtu, huku haifai. Phelister anacheka akiieleza.

"Ile inakula stima. Stima ikipotea, nayo inasimama. Ikirudi, inaendelea palepale ilipoachia, haijui kwamba dunia imesonga saa tatu mbele. Sasa inakuwashia pampu saa kumi na moja jioni, wakati maji yalishakwenda zake zamani!"

Yake haitegemei stima kuhesabu wakati. Ni saa ya kuamsha, ile ya mezani yenye kengele mbili kichwani, ya kutia ufunguo. Huzinunua mbovu kutoka kwa waokotaji wa jalala la Dandora, shilingi ishirini kila moja, akazisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa meno.

Kazi ya vidole aliizoea mapema. Kwa miaka tisa alikaa kwenye mstari wa wanawake wanaolehemu nyaya za redio katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, kwa mshahara ambao mwishowe ulifika elfu tatu na mia mbili kwa mwezi. Mwaka 1993 redio za bei rahisi kutoka nje zilijaa madukani, kiwanda kikafungwa, na wanawake arobaini wakajikuta nje ya lango siku moja.

"Wengine waliingia kuuza mboga. Mimi mboga zilinishinda, nilikuwa nakula faida," asema. "Nikaweka meza Dandora, nikaanza kutengeneza redio na pasi."

Wazo la saa lilimjia mwaka 1995, na hapo ndipo alipojivunjia jina.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Bwana Muturi, karani wa serikali anayeishi Buruburu. Alikuwa amechoka kutoroka ofisini kila mchana kwenda nyumbani kuwasha pampu. Phelister akamfungia saa, kengele ikitegwa saa nane: badala ya kugonga, kinyundo cha kengele kilisukuma swichi. Mchana ule pampu ikawaka barabara, na saa kumi watoto wake waliotoka shule wakaizima. Muturi alifurahi hadi akampa soda.

Usiku saa ikafika nane tena.

"Saa ya kuamsha haijui mchana wala usiku," aeleza, akipiga paji la uso. "Ukiitega saa nane, inalia mara mbili kwa siku. Sisi hatujui, kwa sababu tukishaamka tunabonyeza kile kidude cha nyuma, inanyamaza. Miaka yote nimekuwa na saa kitandani, na sikuwahi kufikiria jambo hilo. Ole wangu!"

Pampu ya Muturi ilizunguka usiku kwenye bomba kavu hadi ikaungua. Asubuhi mwenyewe akatua Dandora, pampu begani, suti imepakaa masizi. Akaibwaga mezani mbele ya wateja.

"Mama, nilikuomba uniwashie pampu! Nani alikwambia uniwashie moto?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Phelister hakubishana. Alimwambia kosa ni lake, akaichukua pampu ile, akaizungushia upya nyaya za shaba kwa siku nne, akairudisha Buruburu ikifanya kazi. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kumtangulia. Kuanzia siku hiyo mtaani aliitwa Mama Moshi. Hata redio watu wakaacha kumletea.

"Niliumia, sikufichi," asema kwa sauti ya chini. "Fundi ni jina. Likiisha, unabaki na koleo tu."

Mwingine angeachia hapo. Yeye, ukaidi wake ni wa kuzaliwa nao. Alitaka gurudumu litakalozunguka mara moja tu kwa siku nzima, mchana na usiku, ili saa nane ya mchana ijulikane na ya usiku isiguswe. Lile linalosukuma mshale wa saa lilikuwa na meno ishirini na nne. Alihitaji la meno arobaini na manane, yenye ukubwa uleule, ili lizunguke kwa nusu ya mwendo.

Alitafuta karibu mwaka mzima. Alivunja vitu vya kuchezea, mashine za kaseti, mizani. Alihesabu meno kwa ncha ya sindano hadi macho yakamtoka machozi. Rafiki yake Norah, aliyekaa naye bega kwa bega kule kiwandani, alikuwa akimtania: "Wewe Phelister, wenzako wanahesabu baraka, wewe unahesabu meno!"

Gurudumu likapatikana ndani ya mashine mbovu ya kutoa nakala iliyotupwa jalalani. Lilikuwa la plastiki, jeupe. Akalifunga, juu yake akaweka kisahani alichokata kutoka kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia, chenye pengo la kuwashia na pengo la kuzimia. Akakitazama kikizunguka juma zima jikoni kwake. Mchana kikagonga. Usiku kikapita kimya.

Shida ikawa moja: nani atakubali kufungiwa saa na Mama Moshi?

Jibu lilitoka Mlango Wazi, zahanati ya vitanda vinane ambako mwenyewe alimjifungulia bintiye, Mitchelle. Hapo pampu ilikuwa mikononi mwa mlinzi, Mzee Patrobas, mtu wa Mumias, asiyejua kuchelewa. Lakini Septemba mwaka jana Patrobas alifiwa na kaka yake. Kwa desturi ya kwao, mtu hasindikizi maiti akarudi kesho yake. Kuna kulala matanga, kuna kunyoa nywele, kuna kukaa na mjane. Alikaa huko majuma mawili na siku chache.

Aliyeachiwa funguo alisahau siku ya kwanza, akasahau na ya pili. Siku ya tatu mkaguzi wa afya alibisha hodi, akafungua bomba la chumba cha kujifungulia. Halikutoka hata tone.

"Kulikuwa na mama ameshikwa na uchungu, na mimi niko peke yangu," akumbuka Sista Carolyne, muuguzi anayekiendesha kituo hicho. "Nikawa namtuma dada yake kwa majirani na ndoo. Mkaguzi aliona yote. Akaandika kwamba baada ya siku kumi na nne atarudi, na akikuta bomba kavu, atafunga mlango."

Zahanati ikifungwa, wanawake wa Mukuru wangebaki na njia mbili: kujifungulia ndani ya nyumba za mabati, au kutafuta gari la kuwavusha mjini. Phelister aliposikia habari hiyo kutoka kwa Norah, alibeba saa yake kwenye kikapu, akaenda kwa miguu.

"Sista, nitakufungia bure," alimwambia. "Lakini nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa: mimi ndiye niliyeunguza ile pampu ya Buruburu."

Sista Carolyne anasema alimkabidhi ufunguo wa chumba cha pampu. "Nikamwambia, Mama Mitchelle, wewe ulizalia hapa. Funga."

Siku kumi na mbili saa iligonga bila kukosea. Kisha ikafika siku ya mkaguzi, Alhamisi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo walijifungua akina mama watatu. Kulipokucha tangi halikuwa na kitu. Na kana kwamba shetani mwenyewe ameshika kalenda, saa tatu asubuhi stima ikapotea mtaa mzima.

Sista akakata tamaa. Phelister akafika mbio kutoka Dandora, akatia sikio kwenye mlango wa chumba cha pampu. Ndani, saa ilikuwa ikienda: tiki, tiki, tiki. "Stima na irudi tu," akasema. "Huyu hajalala."

Stima ilirudi saa saba. Saa nane na dakika tano mkaguzi aliingia na jalada lake, akakuta uani wauguzi, wagonjwa, jamaa zao na mzee Patrobas aliyekuwa amerudi kutoka Mumias siku ileile, kichwa kimenyolewa, begi angali nalo mkononi.

"Mama, nipe ufunguo niwashe mwenyewe," Patrobas akasihi. "Tusimjaribu Mungu leo."

"Ukiwasha kwa mkono leo, Mzee, kesho utawasha tena, na siku utakayofiwa tena tutarudi hapahapa," Phelister akamjibu. "Subiri."

Saa ya Sista ilisoma nane na dakika kumi, wakati uliotegwa. Pampu haikuwaka. Mkaguzi akaitazama yake. Phelister anasema alijiona tena mbele ya pampu ya Muturi, watu wakicheka. Dakika nzima ikapita.

Tak!

"Ilikuwa nyuma kwa dakika moja tu," asema, na hapa anacheka hadi machozi. "Dakika moja! Ilininyoa nywele kuliko alivyonyolewa Mzee Patrobas!"

Mkaguzi alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la chumba cha kujifungulia, akalifungua. Likatoa hewa. Likatema maji mekundu ya kutu. Halafu yakaja meupe, kwa nguvu, yakarukia mashati ya watu. Mkaguzi akaweka jalada chini, akakunja mikono ya shati.

"Nipeni sabuni," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa pale, Sista Carolyne anaapa vilisikika hadi viwandani. Mmoja wa wale akina mama watatu alitoka na mtoto wake kifuani kuja kuona ni nini. Patrobas alikuwa akilia waziwazi na kumpa kila mtu mkono, hata mkaguzi.

Baada ya hapo mlango wa kibanda chake cha Dandora haukufungwa. Walikuja wenye nyumba, makanisa, wenye vioski vya maji. Desemba akaja mtu aliyesimama pembeni kwanza, kofia mkononi. Alikuwa Bwana Muturi.

"Nimekuja kuungua mara ya pili," alisema, na wote wawili wakacheka.

Phelister alimpa sharti analompa kila mteja: saa itiwe ufunguo kila jioni, kabla ya kunawa mikono ya chakula. Asiyetia ufunguo asile. Muturi anasema watoto wake sasa ndio askari. Hawamwachi ashike tonge kabla hajakwenda kwenye chumba cha pampu.

Naye Patrobas, aliyehofia kwamba saa itampokonya kazi, ndiye anayetia ufunguo pale Mlango Wazi. Haruhusu mtu mwingine aiguse. "Mimi nina matanga yangu na uzee wangu," ajisifu. "Huyu hana jamaa, hafiwi. Kazi yangu ni kumlisha tu."

Leo kwenye meza ya Dandora Phelister hayuko peke yake. Norah yupo, pamoja na wanawake wengine watatu waliotoka naye kwenye lango lile la kiwanda. Kila mmoja hupata kati ya shilingi elfu nne na elfu tano kwa mwezi, zaidi ya walivyowahi kulipwa na kiwanda cha redio. Jina la Mama Moshi bado lipo, lakini sasa huitwa kwa heshima, na mwenyewe amelichora kwa rangi nyekundu kwenye ubao juu ya mlango.

Mipango haimwishi. Anatengeneza kisahani kitakachozunguka kwa siku saba, kwa ajili ya mitaa inayopata maji mara mbili kwa juma. Ijumaa hii yeye na Norah watapanda basi kwenda Mumias kufunga saa nne katika hospitali moja ya huko, kazi yao ya kwanza nje ya Nairobi. Baada ya hapo anataka kuzifikia zahanati zote za uzazi za Eastlands, moja baada ya nyingine, na zisizo na uwezo ameapa atazifungia bila malipo.

Anaulizwa kwa nini zahanati, na si majumba ya Buruburu yenye pesa. Anaweka koleo chini.

"Siku ile mkaguzi alipokuta bomba kavu, yule mama aliyekuwa akijifungua alikuwa akiwasikia watu wakipigizana kelele za ndoo nje ya mlango wake. Alimwambia Sista alidhani wanagombana juu yake," asema. "Mimi nataka saa ya mtu kujifungua ikifika, asisikie habari za maji. Asikie mtoto tu."