Bawaba za Mkia

Mtaani walimwita Kiherehere, na hata wateja aliowanyoa walimwita hivyo usoni mwake. Miguu yake haikujua kutulia. Siku mkewe alipoingizwa chumba cha upasuaji kutolewa uvimbe shingoni, alimwuliza nesi habari kila mlango ulipofunguliwa, mpaka dada wa mkewe akamshika mkono.

"Shemeji, nenda nyumbani. Unatutia wasiwasi sote. Nikisikia lolote nitakupigia."

Akaenda. Mezani ilimngoja ndege yake ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti. Mkia ulikuwa bado haujafungwa mwilini; ulikosa bawaba za ule ubao wa nyuma unaoinua na kushusha pua ya ndege. Bawaba zenyewe ni vipande vya plastiki, vyembamba kama ukucha. Unapasua ubao kwa wembe, unapaka mafuta kwenye kiungo ili gundi isiingie, unachomeka, unatia gundi, unangoja. Kwenye kungoja ndipo penye shida. Siku zote mkewe ndiye aliyemshikia ubao na kumwambia, "Bado, baba. Tulia."

Mpasuo wa kwanza ulikwenda upande. Akaurudia. Akatazama simu. Akachomeka bawaba, akatazama simu tena, mafuta akayasahau. Na gundi aliyoishika ilikuwa ile ya papo hapo. Ikatambaa mpaka kwenye viungo, mkia ukakakamaa kama goti la mzee. Alipojaribu kuukunja, kidole gumba nacho kikanasa.

Simu ikalia. Akaipokea kwa mkono wa pili.

"Shemeji, njoo," dada mtu alisema, na simu ikakatika.

Akapiga, haipatikani. Aje kwa lipi? Mbona sauti ilikuwa ndogo vile? Akatoka na kandambili, mkia ukiwa umemganda kidoleni, watu wakimpisha njiani.

"Mzee, hiyo nini?" mlinzi wa geti akauliza.

"Mkia," akajibu bila kusimama.

Mkewe alikuwa amelala wodini, shingo imefungwa bendeji, macho wazi.

"Chaji iliniishia," shemeji akasema. "Ameamka salama, anakuuliza wewe."

Mkewe akautazama ule ubao. "Hukungoja," akanong'ona. Akataka kucheka, mshono ukamkataza.

Shemeji akatoa mkobani dawa ya kufutia rangi ya kucha, akakilowesha kidole taratibu mpaka kikaachia. Kiherehere akaketi.

Daktari alikataza kuongea kwa muda. Basi nyumbani, Kiherehere alipokata bawaba zile na kuanza upya, mkewe alishika ubao kimya. Kila alipoona mkono wa mumewe unawahi, aliupiga kofi. Safari hii mkia ulikunjika vizuri, ukavutwa kwa nguvu na haukung'oka. Ndege ikaruka, ikatua salama.

Sauti ya mkewe ilirudi ikiwa nzito kuliko zamani. Hata leo akikohoa tu chumba cha pili, mumewe keshasimama mlangoni.