Spika za Orrin Zisizouzika

Ukitaka kumwona Orrin Haugdahl akihangaika, ungemwonyesha zile spika mbili za mbao ya mwaloni mwisho wa duka lake na kumuuliza bei. Shingo ingemwiva mpaka masikioni. Bei ilikuwa imebandikwa, tena kwa mwandiko wa mkewe, Marlys, lakini Orrin angekuvutia kwenye kitu kingine chochote, hata redio ya gari.

Mimi natengeneza baiskeli mlango wa pili, hapa Duluth, na wakati wa theluji sina kazi, hushinda dukani kwake, kwa hiyo nimeyaona yote. Orrin hununua vyombo vya kusikilizia muziki vilivyotumika, kwa wafiwa, kwa wanaohama, kwa wafanyabiashara wenzake wa Minneapolis, akavisafisha na kuviuza. Hata spika zile alizinunua aziuze. Akazisikiliza mara moja, basi, kwisha habari yake. Marlys akaweka sheria.

"Nyumbani haziji, tumeshajaa. Na dukani hakikai kitu kisichouzwa. Mteja akilipa bei iliyobandikwa, anachukua. Tumeelewana, baba?"

"Tumeelewana, mama."

Walielewana wapi! Kila spika ina nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Ukizibadilisha kwenye spika moja tu, hiyo inavuta wakati mwenzake inasukuma, na besi, ile sauti nzito, inafia hewani. Na desturi ya biashara hii ni mteja kukalishwa kwenye kiti cha katikati, apigiwe santuri, asikilize amefumba macho. Orrin alikuwa akichuchumaa nyuma na kugeuza nyaya kabla mteja hajakaa. Mteja alisikia muziki uliokonda, akashukuru, akaenda zake. Niliwahi kumwona mmoja akimpa pole.

Januari akaingia Bi Lempi Kivela, mjane wa Kifini, amejifunika koti mpaka kwenye vifundo. Alipoonyeshwa kiti, akakiburuta hadi ubavuni mwa spika moja, akaitegea sikio.

"Mama, kaa katikati," Orrin akamsihi.

"Katikati nikafanye nini? Sikio hili la kulia ni la kuvalia hereni tu. Halijasikia kitu tangu utotoni."

Santuri ikapigwa. Kwa aliyeikaribia spika moja vile, nyaya zigeuzwe zisigeuzwe, besi yote ilikuwa yake. Uso ukamnawiri. "Nachukua."

"Mama, nisikufiche, zina kasoro. Moja si nzima."

"Basi nipe hii nzima, hiyo mbovu baki nayo."

Nilijishika mbavu. Watu wa spika hawatenganishi pea. Hilo kwao ni dhambi, na Orrin ndiye anayewahubiria wenzake. Akamtazama Marlys, aliyekuwa akipanga santuri na wala hakuinua uso.

"Baba, mteja amesema analipa."

"Chukua zote," Orrin akasema. "Hizi haziachani."

Hapo nilimwonea huruma, mjinga yule, nikamsaidia kuzipandisha ngazi za Bi Lempi. Akazipanga, akarudi nyuma, akazisogeza tena, akafunga nyaya kama zinavyotakiwa. Zilipolia, hata mimi nisiyejua kitu nilivua kofia. Orrin machozi yalimlenga. Chumba kile kilizipenda kuliko duka lilivyowahi kuzipenda.

Bi Lempi akaweka kiti chake ubavuni mwa ile ya kwanza, akaridhika. Kisha akaikagua ya pili.

"Hii nayo ina kimo kizuri."

Akaenda dirishani, akarudi na chungu cha ua la begonia, akakituliza juu yake, akakimiminia maji ya birika. Maji yakafurika kisahani. Orrin aliruka, akaufuta mwaloni kwa skafu yake mwenyewe.

"Unamwagilia lini na lini, mama?"

"Kila Jumamosi. Mbona umepauka, mwanangu?"

Siku hizi Jumamosi duka hufungwa mapema. Orrin huenda kwa Bi Lempi na kijibirika chenye mdomo mwembamba, akalimwagilia ua tone kwa tone huku muziki ukipigwa, na kitambaa mkono wa pili. Bi Lempi ameshaliambia kanisa zima kwamba hajapata kuona mwanamume anayependa maua kama yule.