Nilimkosesha Zuhura kwa kuandika inshallah

Jamani, leo nimemliza mtoto yatima darasani.

Mnajua mimi Mkatoliki, ila Jumamosi nafundisha Kiingereza madrasa moja hapa Mbamba Bay.

Somo lilikuwa wakati ujao. Zuhura, miaka tisa, kila sentensi kaimalizia kwa inshallah. Nikamkosesha zote. Hicho si Kiingereza!

Akaanza kulia kwa kwikwi.
"Mwalimu, nikiliacha neno hilo, mama naye atakufa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Baba alisema atarudi kesho. Hakusema inshallah. Akazama ziwani."

Nikaiweka chini kalamu nyekundu.

Kumbe ustadhi yuko mlangoni, kasikia yote. Nikajua leo nafukuzwa. Akanipita, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Mwanangu, baba yako hakufa kwa sababu ya neno. Inshallah ni kumtegemea Mungu, siyo hirizi."

Kisha akanigeukia. "Mwalimu, kwa Kiingereza tunasemaje?"

Nikaandika ubaoni: God willing. Zuhura akasoma polepole, akafuta machozi.
"Naweza kwenda kumfundisha mama?"

Walimu wenzangu, mwaka wa sita huu nafundisha wakati ujao. Sijawahi kuwauliza watoto wanaogopa nini kuhusu kesho.

Ninyi mmewahi?