Mizani, dalali aliyetolewa nje ya nyumba yake

“Miaka ishirini na miwili nipo kwenye kazi hii, na bei ya nyumba sijawahi kuikosea.”

Anayasema hayo akiwa amepiga magoti bafuni mwa watu, kiganja kimelala sakafuni kutafuta unyevu. Ni saa mbili asubuhi. Mwenye nyumba, nesi mstaafu, amesimama nje getini na kikombe chake cha chai, kwa sababu dalali huyu hakubali mwenye nyumba aingie naye ndani wakati wa kupima.

“Akiingia, anaanza: hapa mwanangu alitambaa, pale tulipigia picha ya harusi. Mimi nalainika, bei inapanda,” anasema. “Sasa mnunuzi anakuja kununua mtoto aliyetambaa? Hadithi zibaki nje na mwenyewe.”

Mtaani wanamwita Mizani. Jina lake la kuzaliwa wanalijua mkewe na benki.

Anafungua mabomba yote kwa pamoja aone kama maji yanakata. Anafunga kila mlango na kuusikiliza. Kisha anatoka kumuuliza nesi nyumba za jirani ziliuzwaje.

“Usiniambie jirani alitaka ngapi, mama. Niambie alilipwa ngapi.”

Nesi alitarajia milioni arobaini. Mizani anamtajia thelathini na moja. Mama wa watu anakitazama kikombe chake kama vile chai imeingia nzi.

“Ukitangaza arobaini,” Mizani anamwambia taratibu, “watu watakuja, watakunywa maji yako, watakusifia maua, wataondoka.”

Malipo yake ni asilimia tatu nyumba ikishauzwa. Kuna miezi anauza mbili, na kuna miezi anarudi nyumbani na vumbi la viatu tu.

Mwandishi wa makala haya alipomuuliza kama huwa haoni huruma, alicheka. “Wewe ungelainika kabla hujafika jikoni.”

Mwandishi alimhakikishia kwamba kazi yake ni kusikiliza na kuandika, na hadithi ya nyumba haijawahi kumtoa kwenye mstari. Msomaji ayaweke akiba maneno hayo.

Nyumba moja tu ndiyo iliyomshinda Mizani. Yake mwenyewe.

Ni ya ghorofa moja. Vyumba vya kulala viko juu, na choo kiko juu. Mwaka jana mkewe, fundi cherehani, alipata kiharusi akiwa anampima mteja suruali. Upande wa kushoto ukalala. Ngazi za nyumba hiyo ni nyembamba, zimesimama wima, na katikati zinakata kona. Kiti cha magurudumu kimebaki chini, kinatundikiwa makoti.

Siku za kliniki, vijana wawili wa jirani humshusha mama huyo kwenye kiti cha plastiki.

“Nashushwa kama friji,” anasema, akiwa kitandani kando ya dirisha linalotazama geti. Anatabasamu kwa nusu ya mdomo. “Tofauti ni kwamba friji haliogopi.”

Siku nyingine zote hukaa hapo hapo dirishani.

Wamepata nyumba ndogo ya chini, isiyo na ngazi hata moja, hatua chache kutoka kliniki. Mwenye nayo amekubali kuwasubiri hadi mwisho wa mwezi huu. Ukipita, anampa mtu mwingine. Na hawawezi kuinunua mpaka hii ya kwao iuzwe.

Mizani aliitangaza kwa milioni hamsini na mbili.

Mwezi wa kwanza watu walikuja wengi. Walipanda, wakashuka, wakaaga vizuri sana. Kufikia mwezi wa nne hakuna aliyebisha hodi. Mwezi wa saba mkewe alichukua simu bila kumshirikisha, akampigia binti mmoja ambaye Mizani ndiye aliyemfundisha udalali, na sasa ana ofisi yake mwenyewe.

“Njoo uipime hii nyumba, mwanangu,” alimwambia. “Na huyu bwana umtoe nje.”

Binti alifika Jumanne. Mizani alimpokea mlangoni, tayari kumtembeza.

“Bosi, geti liko pale.”

“Mimi?”

“Sheria nilifundishwa na nani?”

Mizani alitoka. Alisimama getini kama nesi, ila yeye hata chai hakupewa. Dakika haikupita, akaanza kupiga kelele.

“Mlango wa mbele ni mninga huo!”

“Nimeuona, bosi. Unakwangua sakafu.”

“Tangi ni jipya!”

“Na linavuja.”

“Ngazi je? Zege nimelimwaga mwenyewe, kwa mikono yangu hii, mvua inanyesha!”

Binti akatokea mlangoni.

“Bosi, ngazi uliziongezea ngapi kwenye bei?”

“Milioni sita.”

“Mimi napunguza bei kwa sababu ya ngazi hizo.”

Mizani aliinua macho dirishani. Mkewe alikuwa anamtazama.

“Punguza, mwanangu,” mama alisema kutoka juu. “Mimi ndiye ninayezijua.”

Mizani alikaa chini, mgongo ukutani. Alipozungumza na mwandishi, sauti ilikuwa imeshuka.

“Nilipozimwaga alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Zege halijakauka vizuri, akapanda, viatu mkononi, ananicheka. Kila nikitaja bei ya hii nyumba namwona anapanda vile.” Alijifuta uso kwa mkono wa shati. “Na yuko pale juu, hawezi kushuka.”

Binti alitaja milioni thelathini na nane.

“Thelathini na nane?”

“Nyumba zilizouzwa mtaa huu zimelipwa ngapi, bosi?”

Karibu zote aliziuza Mizani mwenyewe.

Jumamosi walikuja mume na mke na watoto wao. Ilikuwa mara yao ya pili. Kwa bei ya zamani hakuna aliyewahi kurudi. Safari hii Mizani hakuambiwa atoke. Alikwenda getini mwenyewe.

“Nataka nirudi kutoka kazini nimkute mke wangu amekaa juani,” alisema, “anigombeze nimechelewa wapi.”

Mkewe ana mpango wake. Cherehani ya umeme inataka mguu mmoja tu, na wa kulia anao. Ataiweka sebuleni mwa nyumba mpya, mlango wazi, wateja wajiingilie bila yeye kuwaitikia kutoka juu kama muadhini.

Binti alikuwa jikoni na yule mke, wanafungua mabomba. Mume alisimama chini ya ngazi, mkono ukutani, uso umekunjamana. Aliyekuwa karibu naye ni mwandishi peke yake.

“Kali kidogo hizi,” mume alisema.

“Kali, kweli,” mwandishi akajibu, “ila hizi si ngazi za kawaida, kaka. Mzee alizimwaga mwenyewe, mvua inanyesha, mkewe ana mimba ya kwanza, yaani zege bado bichi—”

“Wewe mwandishi!” sauti ilishuka kutoka chumba cha juu.

“Naam, mama.”

“Geti unalijua?”

Mwandishi alitoka. Mizani alisogea akampisha nafasi ukutani.