Bibi Anastazia na Chupa ya Mpwapwa

Zamani za Mwingereza, pale Mtinko, samli ilipimwa kwa pua na ulimi. Bwana mifugo alikuja, akanusa debe, akachovya kidole, akalamba. Akitikisa kichwa kwa kuridhika, debe lilikwenda mjini Singida. Samli ya Bibi Anastazia, Mungu amlaze pema, huyo bwana alikuwa akiilamba mara ya pili bila sababu yoyote ya kiserikali.

Bibi alikuwa bado mama wa makamo, mjane mwenye sauti kubwa. Yeye na mjane mwenzake, Dina, waliendesha kibanda cha samli. Majirani walileta maziwa alfajiri, Bibi na Dina wakayazungusha kwenye mashine ya mkono hadi krimu ikajitenga, kisha krimu ikachemshwa hadi ikawa samli. Kibanda hicho ndicho kilichowalisha watoto wao, na Bibi alimshukuru Mungu kwa ajili yake kila jioni, kwa jina, kama vile ni mtu.

Ndipo sheria ikabadilika. Chrispin, bwana mifugo mpya, alifika kwa baiskeli akiwa na chupa iliyofungwa kwa karatasi.

"Shikamoo, mama. Sasa hatuonji tena. Utajaza chupa hii samli, nitaipeleka maabara ya mifugo kule Mpwapwa, waangalie vijidudu kwa darubini. Atakayeonekana na uchafu, kibanda chake kinafungwa."

"Marahaba. Waangalie tu," alisema Bibi. "Watachoka macho bure."

Chrispin alipoondoka, Bibi alifungua karatasi akanusa chupa. Haikunuka chochote.

"Dina, njoo unuse. Chombo hiki hakijaoshwa."

Kwao, chombo safi cha maziwa kilijulikana kwa harufu. Mama yake alimfundisha kusuuza kibuyu kwa mkojo wa ng'ombe, kisha kukifukiza kwa moshi wa kijinga cha moto hadi ndani kunukie. Vyombo vya kibandani walikwisha kuzoea kuviosha kwa maji ya moto, kwa amri ya serikali. Lakini chupa hii ilikuwa inakwenda kwa wageni, na mgeni hutengewa kilicho bora. Bibi alikinga mkojo wa mtamba wake mzuri, akaisuuza chupa, akaifukiza, akaijaza samli, akaifunga tena vizuri kwa karatasi yake.

Majibu yaliporudi, Chrispin hakupiga kengele ya baiskeli kama kawaida.

"Mama, wameona vijidudu vya kinyesi cha ng'ombe."

"Kinyesi? Kwangu mimi?" Bibi alikaa chini.

"Wanaruhusu kupima mara moja tena. Tukishindwa, tunafunga." Chrispin alizunguka kibanda, akachungulia sufuria, akakuna kichwa. "Lakini samli inachemka! Hao vijidudu wangepona vipi? Hebu nieleze, chupa uliijazaje?"

Bibi alimweleza kwa fahari, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mtamba. Chrispin alishika nguzo ya kibanda, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mama yangu! Chupa ile ilikuwa imechemshwa!"

"Imechemshwa na nani? Mimi sikumwona."

"Na mtamba wako je, yeye hutembea na mkia juu? Mkojo unapita pale pale panapopita kinyesi!"

Dina alianza kucheka, akaziba mdomo kwa khanga. Bibi hakucheka. Alifikiri, kisha akasema, "Haya. Nimekosea. Lakini hiyo ya pili utaichemshia hapa, kwenye sufuria yangu, nikiona. Siweki samli ya watoto wangu kwenye chombo cha maneno."

Basi bwana mifugo wa serikali alichuchumaa mbele ya mafiga matatu, akapuliza moto, machozi yakimtoka kwa moshi, huku wanawake walioleta maziwa wakimshangilia.

"Puliza, bwana! Mkeo ana bahati!"

"Sina mke!"

"Basi puliza zaidi, tunakuangalia!"

Chupa ilipotoka kwenye maji, Bibi aliijaza bila kuigusa mdomo. Mkono wake mwingine aliuweka mgongoni, usije ukatamani kijinga cha moto. Kisha akafumba macho akaomba.

Siku ya majibu, kengele ya baiskeli ilisikika kabla baiskeli yenyewe haijatokea. Samli ilikuwa safi. Bibi aliinua mikono akamsifu Mungu, akamkaribisha Chrispin uji, na kikombe chake akakichemsha kwanza. Tangu siku hiyo hakumpa mtu kikombe ambacho hakijapita kwenye maji yanayochemka.

Juzi, kwenye mazishi ya Bibi, Dina alipewa chai. Alikirudisha kikombe.

"Kichemsheni kwanza," alisema. "Atanisema."

Msiba mzima ukacheka, na sufuria ikabandikwa.