Lambo la Kongwa Halikuwemo

Kanzidata yetu ya vijidudu vya majini tuliijenga kwenye chumba cha kupanga Chang'ombe, mimi na rafiki yangu mtafiti, feni ikitupulizia vumbi. Wazo lilikuwa rahisi tu: yeyote anayechota maji ya lambo au bwawa na kuyatazama kwa hadubini aweke mtandaoni alichokiona, ili wengine nao wajue. Watafiti waliikubali. Kwenye semina walipiga makofi, wakala sambusa, wakajisajili. Baada ya hapo, kimya.

Nilidhani tatizo ni mtandao. Wapi! Walikuwa wanamsubiri profesa, mzee aliyewafundisha karibu wote.

"Hatuwezi kumtangulia mzee," rafiki yangu aliniambia, tena bila hata kutabasamu.

Mimi ni mtu wa kompyuta, sina hata tone la maji la kuweka. Nikampigia mzee. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, mvua je huko. Akasema ataweka, mwanangu, ngoja kwanza nitolewe huu mtoto wa jicho. Nikamwomba awaruhusu vijana waanze. Akacheka. "Kwani nani kawazuia?"

Kweli, hakuna aliyewazuia. Hicho ndicho kinachoniudhi mpaka leo.

Kiangazi kikakolea. Shangazi yangu akapiga simu kutoka Kongwa: lambo wanaponyweshea ng'ombe limefunikwa na utando wa kijani, kama rangi iliyomwagika. "Mwanangu, si wewe ndiye wa vijidudu? Ninyweshe au nisinyweshe?" Tangu afiwe na mumewe, ng'ombe wale ndio waliokuwa wakimlisha na kumvisha. Nikatafuta Kongwa kwenye kanzidata. Hakuna kitu. Nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp, wakanijibu "pole sana" na vikatuni vya mikono ya kuomba dua. Nikamwambia shangazi awazuie ng'ombe kwanza.

"Niwazuie niwapeleke wapi?" akasema. Maji mengine yalikuwa mbali, na ng'ombe walishaanza kudhoofu. Akawanywesha. Walikufa karibu wote, wengine palepale ukingoni.

Mzee alipopona macho akaweka picha yake ya kwanza, ya bwawa jingine kabisa. Lo! Watu wakamwaga kazi zao kama waliofunguliwa kamba. Rafiki yangu akanipigia akishangilia, "Umeona? Umeona?" Niliona. Miongoni mwa kazi hizo lilikuwemo lambo lilelile la Kongwa, bakteria wenye sumu, na onyo kwamba mifugo isinyweshwe. Maji yalichotwa kabla shangazi hajanipigia simu.

Nikampigia binti mtafiti aliyeweka taarifa hiyo, nikafoka vibaya. Akaanza kulia. "Kaka, ilikuwa kwenye laptop yangu muda wote. Ningeanzaje mimi, mdogo kuliko wote?"

Siku hizi mzee anaumwa tena, na hakuna anayeweka chochote. Nimeacha kuwakumbusha.

Shangazi anaishi kwangu Nkuhungu. Hana ng'ombe wala pa kurudi. Juzi nikaona nimweleze yote, kwamba jibu lilikuwepo, na kwa nini halikumfikia. Alisikiliza huku akichambua mchele. Nilingoja alie, au atutukane sote, maana ilikuwa haki yake.

"Huyo profesa ni mtu mzima sana?" akauliza.

"Sana, shangazi."

"Basi msimlaumu yule binti," akasema. "Hata mimi ningesubiri."