Jukka Alipokuja Matangani

Harufu ya pilau ndani ya gari lililofungwa vioo hunirudisha kiti cha nyuma cha gari la Baba, sinia limefunikwa kawa mapajani mwangu, joto lake likinichoma magoti. Tulikuwa tunakwenda mtaa wa Khuwair ya Kusini kumpa pole Jukka.

Jukka alikuwa Mfini, mhandisi mwenzake Baba kwenye kiwanda cha kusafisha maji ya bahari. Walikaa chumba kimoja cha ofisi miaka mingi, na Baba akimwita ndugu. Jukka alipofiwa na mama yake, alikwenda kwao kuzika, akarudi, akaendelea na kazi bila ya kumwambia mtu. Baba alizipata habari kwa dereva wa ofisi. Zilimuuma, lakini Mama alishaingia jikoni.

"Mfiwa haachwi peke yake," alisema, na kwetu hilo halikuwa na mjadala.

Jukka alifungua mlango nusu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alishukuru kwa sauti ndogo, akaomba aachwe, akafunga. Sinia hakulipokea. Tulirudi nalo, safari hii Mama kalipakata yeye. Kesho yake Baba aliomba ahamishiwe chumba kingine. Alisema ndugu anayekufungia mlango si ndugu, na tangu hapo salamu zao zikawa za kikazi tu.

Haukupita mwaka, Bibi mzaa Baba akafariki kijijini kwake Sidab. Siku tatu za matanga watu walimiminika. Kwetu mtu huingia, hushika mikono, hunywa kahawa, humwombea marehemu, kisha huondoka kumpisha mwingine. Asubuhi ya kwanza akaingia Jukka, shati kalifunga mpaka kifungo cha shingoni. Alimshika Baba mkono, akakaa chini kwenye zulia. Kuondoka hakujua. Alikaa mpaka Magharibi, miguu imemfa ganzi, akinywa kahawa kila alipomiminiwa, maana hakujua kwamba aliyetosheka hutikisa kikombe. Sisi watoto tulimchungulia tukicheka. Siku ya pili alikuja tena, na ya tatu pia.

Nilimuuliza Baba kwa nini mzungu yule haendi kwake.

"Wote wamekuja wakenda," alinijibu, na machozi yakimtoka. "Huyu kakaa."

Baba alipoanza tena kazi, alirudisha meza yake chumbani kwa Jukka.

Mimi nilidhani Jukka kajifunza adabu zetu, basi. Miaka ikapita, nikawa mtu mzima, nikapata kazi Ufini, na habari ya kifo cha Baba ikanikuta huko ofisini. Alizikwa siku ile ile, sikuwahi. Wenzangu walishusha sauti, wakaniachia chumba kizima, wakaondoka wakinyata. Hapo ndipo nilipoelewa ilivyokuwa tabu kwa Jukka, aliyelelewa hivyo, kukaa siku tatu katikati ya watu na kilio chao, na kwenye msiba wake mwenyewe hakutaka hata sisi watatu. Nilielewa pia kwamba wenzangu wale wananipenda na wananiheshimu. Na bado, wallahi, nilitamani japo mmoja wao anivunjie heshima, aje akae.